Gitaa la Mjomba Deo Halikuwa Bovu

Kirolirwe, Jumamosi, baada ya kukamua jioni

Sifa wangu,

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za dawa ya malaria, wala jinsi ya kukaa juu ya pikipiki barabara ikiwa na matope. Shangazi yako amekuimbia hayo yote tangu Jumatatu na najua masikio yamekuchoka. Umeenda kumuaga bibi yako kule juu, nami nataka niimalize barua hii kabla hujarudi, kwa sababu ukikaa mbele yangu sitaweza kusema ninachotaka kusema. Nina hasira, mwanangu. Nina hasira tangu asubuhi, na zaidi ya nusu yake ni hasira juu yangu mwenyewe.

Uliona kilichotokea uani kwetu. Papa Sylvestre, rais wetu wa kwaya, alikuja na lile gitaa jekundu la yule mchuuzi wa barabarani, akalitoa kwenye mfuko wake polepole utafikiri anamtoa mtoto mchanga kwenye nguo. Watu wote wakapiga mayowe ya kushangaa. Papa yako akaacha jembe. Shangazi yako akajitazama kwenye ile rangi, akarekebisha kilemba chake. Nawe pia, usikatae, nilikuona macho yako yalivyowaka uliposoma zile herufi za dhahabu kichwani. Mchuuzi hataki pesa, Papa Sylvestre akasema. Anataka Bihogo, mtamba wako, yule niliyekupa ulipopata diploma. Kesho asubuhi atapita hapa, atakuachia gitaa, ataondoka na mtamba, nawe utapanda pikipiki kwenda Kashebere, upande wa Walikale, kufundisha watoto wa watu ukiwa na gitaa lenye jina.

Hapo ndipo alipoligeukia lako jeusi, lililoning'inia ukutani, akacheka.

"Mama Sifa, mutoto anaenda kuwa mwalimu, ataenda na ile mulango mu mukono? Batamucheka kule Walikale. Ile haina hata jina."

Nikamwambia kwamba linalia vizuri. Basi, ndivyo tu nilivyosema.

"Zile za bila jina tunazijua sisi. Si Deo njo alitudanganya na ile ya kahawia? Hata mwaka haikuisha, ikakufa. Tulimutuma kununua gita, akatuletea kuni."

Sifa, ulinitazama. Deo ni kaka yangu, ni mjomba wako, ndiye anayekungoja kesho kwenye barabara ya Kashebere, na mtu anasimama uani kwangu, anakula maharagwe yangu, anamwita mwongo. Nami nikafanya nini? Nikaenda kuangalia maziwa kama yanachemka. Hayakuwa hata motoni. Wewe ndiwe uliyesema, "Papa Sylvestre, tungoje kwanza, kesho tutajibu," kwa adabu ambayo mimi sikuwa nayo ya kumtetea ndugu yangu wa tumbo moja.

Sasa nitakuambia kwa nini nilinyamaza, na hii ndiyo sababu ya barua yenyewe.

Wewe unanijua kama mama wa fromaji, jibini ya maziwa yetu. Unajua mikono hii kwa kukamua na kukanda. Lakini kabla sijaolewa nilipiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu, na wazee wengine walinuna kwamba msichana anakaa na waya mapajani mbele ya altari. Aliyenifundisha ni Deo. Kwaya ilipotaka gitaa lake la kwanza la umeme, walimtuma yeye, na mbuzi wawili wa kuuza mjini. Huko alikuta mtu anauza mawili, yote ya zamani. Moja lilikuwa linameta, jina kubwa kichwani. La pili la kahawia, rangi imebanduka, kifundo kimoja cha sauti kimepotea, na halikuwa na jina lolote. Alikaa nayo tangu asubuhi hadi mchana. Akarudi na la kahawia.

Kwaya walinuna. Wangeweza hata kumrudisha mjini kwa miguu. Lakini siku tulipolichomeka kwenye ampli ya kukuza sauti, wakati betri ilipokuwa na nguvu, ukali wao uliisha. Mimi nililipiga miezi minane. Sijawahi kushika kitu kilichonitii namna ile, na naandika hivyo nikijua kwamba papa yako anaweza kuisoma barua hii.

Deo alinifundisha namna alivyolichagua, nami nakupa maneno yake kwa sababu hakuna mwingine hapa aliyebaki nayo.

"Dada, gita ya zamani hauangaliake rangi. Unaangaliaka shingo. Rangi tutapaka, nyuzi tutanunua, kifundo kikikwaruza tutapuliza vumbi itoke. Lakini shingo ikishapinda, njo imekwisha, unapeleka nyumbani maiti."

Alikuwa analishika gitaa kama fundi anavyoshika mbao, kichwa karibu na jicho, jicho moja limefungwa, anafuata ukingo wa shingo hadi mwisho. Kisha anapitisha kidole pembeni, pale vile vichuma vilivyolala juu ya shingo vinapoishia, kuona kama vinakata ngozi. Kisha anapiga kila noti, moja moja, kila uzi, kuanzia juu hadi chini, bila haraka, hata muuzaji akianza kukoroma kwa hasira. Noti inayokwama au inayolia kama nyuki anaiandika kichwani. Kichuma kilicholika kwa sababu mtu amekipiga sana hakikumtisha. Alisema hicho ni cheti: mtu hapigi miaka mingi gitaa asilolipenda. Kilichomtia shaka ni gitaa la zamani ambalo vichuma vyake ni vipya. Angeuliza, kwa nini hakuna aliyetaka kulipiga?

Na kama hakuna umeme, kama ilivyo hapa siku nyingi, alikuwa anaegemeza pembe ya gitaa kwenye mfupa wa taya, anapiga uzi, anafumba macho. Mbao nzuri unaisikia hadi kwenye meno. Ulipokuwa mdogo nilikufundisha hilo kama mchezo. Hukujua limetoka wapi.

Basi, msimu wa mvua ukaja. Unajua ukungu wa hapa, nguo haikauki siku tatu. Gitaa lilikuwa linakaa kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mpigaji. Siku moja nikaona unga mweupe umetoka kwenye kingo za kile kifuniko cha plastiki cha tumboni, tunachokiita kibati. Nikaufuta. Wiki iliyofuata ukarudi. Moyo wangu ulisema: wadudu. Wadudu wa mbao wanakula gitaa la kwaya ndani ya nyumba yangu.

Na msichana wa Kirolirwe akiona chombo cha mti kina shida anafanya nini? Anakifukiza. Bibi yako alinifundisha kufukiza vibuyu vya maziwa kabla sijajua kusoma: moshi wa majani mabichi, kisha samli ndani na nje, na kibuyu kinakaa miaka. Hakuna mwanamke hapa asiyejua kazi hiyo, nami nilijiona fundi. Nikalifunga gitaa kamba, nikalitundika juu ya jiko. Kila jioni majani mabichi. Kila asubuhi samli, kila mahali, hadi kwenye zile mikro mbili zinazokamata sauti. Sikumuuliza mtu. Deo alikuwa Masisi kwa kazi, siku moja tu ya njia, ningeweza kumtumia neno. Sikutaka aambiwe kwamba dada yake ameshindwa kulitunza.

Wiki ya tatu nilipolishusha, tumbo lake lilikuwa limefunguka. Halikuwa mti mmoja, Sifa, lilikuwa la mbao nyembamba zilizobandikwa kwa gundi, na gundi ile haikujua mambo ya vibuyu. Liliachana tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Nilikaa chini pale jikoni nikalia hadi maziwa yakamwagika.

Kama ningekuwa nimeishia hapo, ningekuwa mjinga tu, na ujinga husameheka. Lakini Jumapili nililipeleka kanisani limefungwa kwenye kitenge, nikalifungua mbele ya kwaya, na kabla sijapata neno, mzee mmoja akasema: "Deo ametuletea gita mubaya." Wengine wakaitikia. Ndiyo, ndiyo, lilikuwa rahisi, halikuwa na jina, tulimwambia. Walikuwa wamekwisha amua. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo na kusema neno moja, nililifukiza. Sikusema. Niliacha ndugu yangu abebe lawama.

Naomba usome tena mstari huo. Mimi nimeusoma kila siku tangu siku ile.

Deo aliporudi hawakumwita tena kwenye mazoezi. Hakuna aliyemfukuza. Walianza tu kumsahau kwenye orodha, halafu mazoezi yakabadilishwa saa bila yeye kuambiwa. Alikuja kwangu, akauliza gitaa liko wapi. Nikamwonyesha.

"Ulifanya nini, dada?"

"Niliifukiza."

"Uliifukiza?"

"Kulikuwa bunga nyeupe. Nilizani ni wadudu."

Akatoa bisibisi, akafungua kile kibati. Ndani, chini ya samli, kulikuwa bado na ule unga. Akaushika kwa kidole, akaunusa, akaupaka kwenye kiganja changu.

"Iko chaki, dada. Ya ubao. Si tunafanyiaka mazoezi mu darasa?"

Alicheka. Alicheka kweli, hadi akashika ukuta. Kisha akanitazama na akaona kwamba sikuwa nimewaambia watu, na kicheko kikaisha. Hakuniuliza kwa nini. Alifungua zile skrubu nne za nyuma, akatoa shingo, akailenga kwa jicho moja. Ilikuwa imenyooka. Mikro akazifuta samli kwa petroli, akazijaribu, zote mbili zikasema. Akafunga kila kitu ndani ya shati lake, na mwezi uliofuata akahamia upande wa Walikale, akisema ni kwa ajili ya kazi. Siku zote watu walisema Deo aliondoka kwa aibu. Aibu haikuwa yake.

Mwaka ule ulipozaliwa alinitumia gitaa jeusi.

Ndiyo, lako. Alimpa seremala mbao ya libuyu, ile ngumu ya milango, akamwambia akate tumbo jipya. Akalipaka rangi iliyobaki ya milango ya kanisa la kule. Papa Sylvestre hakukosea sana kuliita mlango. Lakini shingo ni ile ile, na mikro ni zile zile. Gitaa analolicheka leo ndilo alilolipigia makofi miaka ile, akiwa kijana wa sauti ya tatu, amesimama nyuma yangu. Amelisikia kila Jumapili mikononi mwako na hajalitambua, kwa sababu hajawahi kulisikiliza kwa kitu kingine zaidi ya macho.

Sasa nirudi kwenye hili jekundu, maana usidhani nachukia kitu nisichokijua. Leo mchana, Papa Sylvestre akiwa shambani, nilienda kwake, maana ndiko linakolala hadi kesho. Mke wake, Mama Esther, alinifungulia, nikamwambia ukweli, nataka kulipima. Akaniwashia ampli, akakaa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo ya jioni. Nikalipakata lile gitaa. Miaka mingapi sijashika la mtu mwingine?

Shingo imepinda, Sifa. Si kule kupinda kidogo kunakorudishwa kwa kukaza ile nondo ya ndani ya shingo. Imejikunja kama ubao ulioachwa mvuani, upande mmoja uko juu kuliko mwingine. Kuanzia katikati kwenda chini, noti tatu zinalia sauti moja. Nikagonga mikro kwa ufunguo wa nyumba: ya nyuma ikajibu, ya mbele iko kimya kabisa. Nikalegeza skrubu moja ya kibati, chini yake kuna rangi ya kijani, na chini ya kijani kuna kahawia. Matundu ya zamani yamezibwa kwa unga wa mbao na gundi. Nikapitisha ukucha chini ya lile jina la dhahabu, na herufi ya kwanza ikanyanyuka. Ni karatasi. Mama Esther aliacha sombe, akaja kutazama, akasema, "Yesu wangu."

Unajua kilichoniudhi zaidi? Si karatasi. Chini ya rangi zile tatu kuna gitaa la kawaida la maskini, rahisi, la zamani, lililotengenezwa na mtu ili mtu mwingine apige. Lilikuwa na haki ya kuuzwa kwa jina lake, au bila jina. Mtu angelinyoosha lilipoanza kupinda, angelifungia mikro nyingine, na lingefanya kazi kwenye kwaya ndogo. Badala yake limepakwa, limebandikwa, limeachwa lipinde, na sasa linataka mtamba anayekaribia kuzaa. Na wale wanaolileta wanathubutu kumwita kaka yangu mdanganyifu!

Nimelaani peke yangu njia nzima kurudi. Kisha nikafika hapa, nikaona jiko, na nikajiuliza mimi nina tofauti gani na yule mchuuzi. Yeye alibandika jina la uongo juu ya gitaa. Mimi niliacha libandikwe juu ya mtu.

Kwa hiyo sikuambii nini cha kufanya na Bihogo. Ni wako, nilikupa mbele ya watu na sinyang'anyi. Kamba yake iko mlangoni. Kama kesho utamtaka yule mchuuzi amchukue, utamfungua mwenyewe nami sitasema kitu. Lakini kwanza chukua lile jekundu mbele yao wote, funga jicho moja, ulitazame shingo kwa utaratibu, upige noti zote, na usiharakishwe na mtu yeyote, hata papa yako, hata kama pikipiki inanguruma. Utaona mwenyewe. Una jicho la Deo, nimelijua tangu ulipokuwa na miaka saba.

Na wakati unapiga, mimi nitasema. Nimekwisha mwomba Mama Esther awaite watu wa kwaya waje kukuaga mapema. Nitasimama pale uani nitawaambia kwamba gitaa la kahawia halikuwa bovu, kwamba nililitundika juu ya moto mimi mwenyewe kwa sababu ya chaki, na kwamba nilinyamaza. Papa Sylvestre atanyoosha shingo yake kama jogoo. Na anyooshe. Naogopa, sikufichi. Nimetengeneza fromaji za ubatizo na za arusi za watu wale, na baada ya kesho sijui wataninunulia kwa uso gani.

Jambo moja tu naomba. Deo atakuwa amesimama barabarani, na kitu cha kwanza atakachotazama si wewe, usikasirike, ni kile ulichokibeba mgongoni. Ukifika na lile jekundu atakupokea kwa upole, atakusifia, na hatasema neno. Ninamjua. Ndivyo alivyoninyamazia mimi. Ukifika na jeusi, mwambie kwamba nimesema. Mwambie nimesema mbele ya wote, asubuhi, bila kuulizwa. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, huo nitaubeba mwenyewe nitakapokuja wakati wa mavuno ya maharagwe.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na binamu zako. Nimalize.

Mara ngapi umeniuliza kwa nini gitaa lako linanuka? Nami nilikujibu kila mara kwamba ni nyumba yetu, ni jiko letu, kila kitu hapa kinanuka hivyo. Nilikudanganya. Geuza shingo nyuma, pale zilipo zile skrubu nne, weka pua yako. Ni moshi wa majani mabichi na samli. Deo angeweza kuuondoa, anajua kusafisha mbao kuliko mtu yeyote. Aliniachia.

Mama yako